Uzee wa Tarakilishi

Umri wa mtu huhesabiwa tangu siku alipozaliwa, na umri wa jembe huonekana katika makali yake. Jembe likilika hata likabaki kipande cha bati, hapana mtu atakayebisha kwamba limezeeka. Lakini kiko chombo kimoja cha siku zetu ambacho uzee wake haupimiki vema kwa njia hizo mbili, nacho ni tarakilishi. Waweza kuikuta tarakilishi ya miaka kumi na mitano ambayo chuma chake hakijaliwa na kutu wala waya zake hazijakatika, na hesabu inazojumlisha leo ni sahihi kama zile ilizojumlisha siku iliponunuliwa. Lakini imetupwa katika pembe ya stoo, imefunikwa gunia, na kila mtu asema imekwisha. Ukiuliza imekwishaje, wajibiwa kwamba ni ya kizamani, ni nzito, haiwezi tena. Mimi nimefundisha Hisabati na Fizikia kwa miaka kumi na miwili, na kazi hiyo imenizoeza kutoridhika na jawabu lisilotaja sababu. Nataka kueleza hapa kwa nini naamini kwamba mara nyingi nguvu za chombo hazikupungua hata kidogo. Kilichoongezeka ni mzigo, na mzigo waweza kubadilishwa.

Msomaji ambaye hajapata kuona tumbo la tarakilishi yafaa ajue kwanza vitu vitatu vilivyomo. Kimoja ni prosesa, ambayo ndiyo ifanyayo hesabu. Kingine ni diski, mahali pa kuwekea kazi na programu hata umeme uzimwapo. Cha tatu ni kumbukumbu, nayo husahauliwa na watu wengi ingawa habari yetu karibu yote imo ndani yake. Mfikirie mwanafunzi anayesoma usiku. Kabati la vitabu liko chumba cha pili. Hilo ni diski. Meza iliyo mbele yake ni kumbukumbu. Yeye mwenyewe ni prosesa. Vitabu anavyovihitaji vikienea juu ya meza, kazi huenda upesi. Lakini mtu akija akaijaza meza hiyo vyombo vya maua, redio, saa na mito ya kulalia, nafasi ya vitabu haitabaki. Kila atakapotaka neno katika kamusi itamlazimu ainuke, arudishe kitabu kimoja kabatini, achukue kingine, arudi, akae. Na akitaka kile cha kwanza, ainuke tena. Mwanafunzi huyo si mjinga wala si mvivu. Amegeuzwa mchukuzi. Ile taa ndogo ya tarakilishi inayopepesa pasipo kukoma, na ule mlio wa diski unaokwaruza kama panya darini, ni nyayo za mwanafunzi wetu akienda na kurudi kabatini.

Mwenye kuitandika meza hiyo ni mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayoamka kwanza mashine iwashwapo na kuzigawia programu nyingine nafasi na zamu. Kila mfumo huandikwa kwa kuzitazama mashine za wakati wake. Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, ilidai kumbukumbu isiyopungua megabaiti 64. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, yadai isiyopungua gigabaiti 4. Kijana anayejua kugawanya ataona kwamba katika miaka ishirini dai hilo limekua mara 64. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Picha zimekuwa kubwa, ulinzi dhidi ya wezi wa mtandaoni umekuwa mgumu, na watu wataka mambo mengi kwa wakati mmoja. Lakini mashine iliyotengenezwa mwaka 2008 haikui pamoja na madai. Inabaki na meza ile ile.

Na haitoshi kusema, basi tuiache na mfumo wake wa zamani. Waundaji wa mfumo huutunza kwa miaka kadhaa, wakiziba kila ufa unaogunduliwa, kisha huacha. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7, tarehe 14 Januari 2020. Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya siku hiyo nyufa mpya zinazogunduliwa haziletewi dawa kama ilivyokuwa desturi, na mashine iliyounganishwa na intaneti huwa kama nyumba ambayo fundi wa makufuli amehama mji. Hivyo mwenye tarakilishi kuukuu hujikuta kati ya mambo mawili: mfumo mpya hauingii, na mfumo wa kale si salama. Wengi hudhani hakuna jambo la tatu.

Shule ninayofundisha ni ya kutwa, karibu na mji wa Voi katika Kaunti ya Taita-Taveta, nchi ya vumbi jekundu linaloingia hata katika saa ya mkononi. Mwaka 2023 chumba chetu cha tarakilishi kilikuwa na mashine ishirini na mbili, na kati ya hizo zilizofanya kazi ya maana ni tatu. Nyingine kumi na tisa tulikuwa tumepewa na ofisi moja ya Mombasa ilipobadilisha vyombo vyake. Kumi na nne zilikuwa na prosesa ya Core 2 Duo, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, na kumbukumbu ya gigabaiti 2. Tano zilikuwa za kale zaidi, za Pentium 4, zenye megabaiti 512 tu. Niliziwasha siku moja nikiwa na saa mkononi. Moja ya zile kumi na nne, ikiendeshwa na Windows 7 pamoja na programu ya kukinga virusi, ilichukua dakika tisa kabla ya kukubali kuandika herufi. Kipindi chetu ni cha dakika arobaini.

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliochagua somo la Tarakilishi walikuwa kumi na saba. Kwa mashine tatu, kila mmoja alipata kama dakika saba tu katika kipindi. Binti mmoja, ambaye kwao hawana tarakilishi wala jirani mwenye nayo, aliniambia, "Mwalimu, zamu yangu ikifika kwenye kibodi nimekwisha kusahau nilichotaka kuandika." Hakusema kwa kulalamika, alisema kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Palikuwa na shauri la kuliondoa somo hilo kabisa mwanzo wa muhula wa tatu, na wale kumi na saba wachukue somo jingine, wakiwa wamepoteza karibu miaka mitatu.

Mfanyabiashara mmoja alikuja akakagua. Alisema mashine zote kumi na tisa zimekufa, akatuandikia bei ya kumi zilizotumika Ulaya: shilingi 35,000 kila moja. Akajitolea pia kuzichukua zile za kale bure, ati atusaidie kusafisha stoo. Mwaka huo huo paa la maabara ya sayansi lilikuwa likivuja. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini akaniwekea karatasi mbili mezani, moja ya mabati na moja ya mashine.

"Mwalimu, fedha ni za jambo moja," alisema. "Nikinunua hizi, watoto wa Kemia watanyeshewa. Wewe wasemaje?"

Nilimwomba likizo ya Agosti na ufunguo wa chumba. Alifikiri kidogo, akanipa ufunguo. "Likizo ni yako," alisema, "lakini umeme ni wa shule. Usiuchezee."

Hapa yanipasa kurudi nyuma, kwa sababu jambo nililokusudia kulifanya lilianza mbali na Voi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kuunda mfumo mzima wa programu ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuufungua aone ulivyoandikwa, kuugeuza, na kumpa mwenzake. Aliuita GNU. Miaka minane baadaye sehemu nyingi zilikuwa tayari, ila kiini, yaani ile programu ya ndani kabisa inayosemezana na prosesa, diski na kumbukumbu, kilikuwa hakijakamilika. Mwezi wa Agosti mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, aliwajulisha wenzake kwamba anaandika kiini cha namna yake, kwa kujifurahisha tu. Mashine yake ilikuwa ya 386, yenye kumbukumbu ya megabaiti 4. Mwaka uliofuata akakiweka kiini hicho chini ya leseni ile ile ya GNU, na watu wa nchi nyingi wakaanza kukirekebisha. Kiini hicho ndicho Linux. Leo kimo ndani ya simu za Android ambazo wengi wenu mnazo mifukoni, na tangu Novemba 2017 tarakilishi zote 500 zilizo katika orodha ya zile zenye nguvu kupita zote duniani zaendeshwa nacho. Nami nacheka kidogo kila nikumbukapo kwamba mwaka 2012 watunzaji wa Linux waliamua kuacha kuihudumia prosesa ya 386, ile ile iliyomlea mtoto huyu, na Torvalds mwenyewe hakuonyesha huzuni yoyote. Basi asifikiri mtu kwamba Linux ni makao ya wazee yasiyofungwa mlango. Hata huko wazee huambiwa kwaheri. Ila huchelewa sana kuambiwa.

Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida, kama injini isivyofaa bila gari. Kwa hiyo vikundi mbalimbali hukusanya kiini, programu za ofisi, kivinjari cha intaneti na zana nyingine, wakatoa mkusanyo mmoja ulio tayari kuwekwa katika mashine. Ipo mikusanyo mikubwa na ipo miepesi. Wepesi hautoki katika kiini, kwa kuwa kiini ni kile kile. Watoka hasa katika zile programu zinazochora madirisha, menyu na picha ndogo kwenye skrini, na katika idadi ya watumishi wanaofanya kazi kimya nyuma ya pazia. Mkusanyo mzito huchora vivuli chini ya kila dirisha, huorodhesha faili zako usizoomba ziorodheshwe, na huweka tayari mambo ambayo pengine hutayahitaji mwaka mzima. Mwepesi hukuachia meza tupu. Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, yaweza kuingia yote ndani ya kumbukumbu na kufanya kazi hata katika mashine isiyo na diski. antiX, yenye asili yake Ugiriki, hutumia kichora-madirisha kidogo sana. Debian, ambayo ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ndiyo mama wa mikusanyo mingi, humpa mtu hiari ya kuchagua. Mimi huichagua pamoja na Xfce, madirisha yaliyoanzishwa na Mfaransa Olivier Fourdan mwaka 1996. Mikusanyo hii yote haina bei. Gharama yangu ilikuwa nauli ya kwenda mjini na malipo ya kupakua faili katika duka la intaneti.

Nilianza na vumbi. Wanafunzi wanne walijitolea kuja likizoni, na kwa burashi za kupakia rangi tulitoa ndani ya masanduku yale udongo ambao ungetosha kupandia mchicha. Feni nyingi zilikuwa zimefungwa na vumbi hata hazikuzunguka, na prosesa isiyopozwa hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Sehemu ya ule uitwao uzee ilikuwa ni joto tu. Mashine mbili katika zile kumi na nne zilikuwa zimekufa kweli: juu ya ubao mkuu vile vidude vilivyo kama mitungi midogo vilikuwa vimevimba vichwa na kuvuja. Hatukuzililia. Tulizitoa kumbukumbu zao tukazitia katika mashine jirani, nazo zikapanda kutoka gigabaiti 2 hadi 4. Moja ya Pentium nayo haikuamka.

Kisha tulikutana na tatizo ambalo lingemkatisha tamaa mtu asiyelijua. Mashine kadhaa zilipowashwa zilidai kwamba ni mwezi Januari wa mwaka ambao wale wanafunzi wanne walikuwa bado wachanga. Ndani ya kila tarakilishi mna betri ya mviringo, ndogo kama sarafu, inayoitunza saa umeme ukiwa umezimwa. Ikichoka, mashine husahau tarehe. Jambo hilo laonekana dogo, lakini kurasa za intaneti zenye ulinzi huja na hati zenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na tarakilishi inayodhani iko miaka mingi nyuma huzikataa zote. Mtu husema, "Mashine hii ni kuukuu, haifungui intaneti," ilhali dawa yake ni betri ambayo haishindi bei ya soda.

Kuhusu kuweka mfumo wenyewe nitasema kwa ufupi. Faili iliyopakuliwa haikunakiliwa kama wimbo unakiliwavyo. Iliandikwa katika flashi kwa programu maalumu ili mashine iweze kuamka kutoka humo. Mashine ikiwashwa, kuna kitufe cha kubonyeza upesi, nacho hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, ili ichague flashi badala ya diski. Jambo zuri ni kwamba mikusanyo mingi hukubali kujaribiwa hivyo, ikifanya kazi kutoka kwenye flashi, bila kugusa chochote kilicho katika diski. Mwonjaji haharibu chungu. Tuliijaribu kila mashine kwanza, tukaona kama kipanya, sauti na mtandao vyatambulikana, ndipo tukaruhusu diski ifutwe. Kabla ya hapo tuliziokoa faili za shule zilizokuwa humo, kwani kufuta ni kazi ya dakika na kuomboleza ni ya mwaka.

Zile kumi na mbili zilipata Debian pamoja na Xfce. Zile nne za Pentium zilipata antiX. Siku ya tano niliipima ya kwanza kwa saa ile ile. Ilikuwa tayari kwa kazi katika dakika moja na sekunde kumi, na kabla ya kufungua programu yoyote ilikuwa imetumia chini ya megabaiti 600 za kumbukumbu yake. Pentium yenye antiX ilitumia kama megabaiti 180, ikabakiwa na nafasi ya kutosha kuandika barua na kufanya lahajedwali. Mmoja wa wanafunzi wangu aliuliza swali ambalo nililipenda kuliko lolote la likizo ile: "Mwalimu, prosesa ni ile ile?" Nilimwambia aitazame mwenyewe. Akafungua sanduku, akaangalia, akalifunga bila kusema neno.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa tulikuwa na mashine kumi na tisa kwa wanafunzi kumi na saba. Somo halikuondolewa, mabati yalinunuliwa, na yule binti alipata kibodi ya dakika arobaini. Wiki ya kwanza hakufanya jambo la ajabu. Aliandika tu, akafuta, akaandika tena, na kwa mara ya kwanza nilimwona akikosea bila kutazama nyuma kuona nani anangojea zamu.

Sasa nataka kusema na upande wa pili, maana nimesikia watu wakiisifu Linux kama mganga wa kienyeji asifuvyo mzizi mmoja kwa maradhi sabini. Kwanza, Linux nyepesi haiwezi kuupunguza uzito wa intaneti. Ukurasa mmoja wa siku hizi, pamoja na picha na matangazo yake, waweza kutaka kumbukumbu nyingi kuliko mfumo mzima wa antiX. Katika Pentium zetu kurasa mbili zatosha kumrudisha yule mwanafunzi kwenye safari zake za kabatini. Kwa sababu hiyo hatukuzipeleka mashine hizo mtandaoni; tuliwawekea wanafunzi Kiwix, programu inayobeba nakala nzima ya Wikipedia ya Kiswahili ikasomwa bila intaneti yoyote.

Pili, vitabu vya kiada tulivyokuwa navyo vilionyesha menyu za Microsoft Office, na mwanafunzi aliyeketi mbele ya LibreOffice aliona jina hili liko mahali pengine na jina lile halipo. Wengine walinung'unika, na walikuwa na haki. Niliwaambia kwamba safu na mistari ya lahajedwali ni ile ile, na kanuni ya kujumlisha ni ile ile. Lakini pia nilihakikisha kila mmoja anapata zamu katika zile mashine tatu zenye Windows, kwa kuwa mtihani hauulizi falsafa ya mwalimu. Walipofanya KCSE mwaka 2024, hakuna aliyeingia chumba cha mtihani akiwa mgeni wa upande wowote. Hata hivyo sioni kwamba kujua milango miwili ni hasara kwa mtu anayetafuta kuingia nyumbani. Tena programu hizi huru zimetutangulia kuisema lugha yetu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na waliweza kufanya hivyo pasipo kungoja idhini ya kampuni yoyote, maana maandishi ya programu yalikuwa wazi kwa kila mtu. LibreOffice tunayoitumia ni tawi la mti huo huo, lililochipuka mwaka 2010.

Tatu, umeme. Mwalimu Mkuu alikuwa na sababu ya kunionya. Pentium 4 pamoja na ile skrini ya kizamani yenye mgongo mkubwa ilikula zaidi ya wati 150 nilipoipima, ambapo kipakatalishi cha siku hizi huweza kufanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Tulizibadilisha skrini kwa zile bapa, lakini sitamshauri mtu akusanye Pentium 4 za mji mzima kwa kuwa tu zaweza kuamka. Katika shule inayotumia umeme wa jua ningeziacha zilale.

Nne, na hili ndilo lililonisumbua kuliko yote: mimi ni mtu wa kuhamishwa. Mfumo unaojulikana na mwalimu mmoja huondoka naye. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa Fizikia alikuwa na mashine moja ya Linux katika maktaba, na ndiko nilikojifunza amri zangu za kwanza. Lakini nilisikia kwamba alipostaafu iliondolewa, kwa kuwa hakuna aliyejua hata neno la siri. Kwa ajili hiyo wale wanafunzi wanne waliandika daftari lenye jalada gumu, hatua kwa hatua, kwa mwandiko wao. Kila mwaka wanafunzi wawili wapya hulisoma daftari hilo na kuifuta mashine moja kwa makusudi, kisha kuirudisha hai bila msaada wangu. Nikikaa mlangoni huwa naona vigumu kutia mikono mifukoni, lakini hukaa.

Kuna wanaosema, kwa nini taabu yote hii na dunia imejaa vyombo vipya? Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2024 ilihesabu taka za vyombo vya umeme za mwaka 2022 kuwa tani milioni 62, na zilizokusanywa na kutengenezwa upya kwa utaratibu unaofaa hazikufika robo. Katika kioo cha skrini za kale mna risasi, ile sumu ambayo wanafunzi wa Kemia huandika Pb. Katika mbao za ndani mna shaba na dhahabu kidogo, na wapo vijana wanaozichoma jalalani ili wazipate, huku wakivuta moshi wake. Yule mfanyabiashara alipotaka kuzichukua mashine zetu bure, hakutueleza zinakwenda wapi. Nami sikumwuliza, kwa kuwa zilikuwa haziendi popote.

Mwezi Agosti mwaka 2025 ilitoka Debian 13, nayo imeacha kuandaa njia ya kuwekwa katika mashine za namba za biti 32, kama zile Pentium zetu. Zile Core 2 Duo zina uwezo wa biti 64, ingawa ofisi ile ya Mombasa ilikuwa imeziwekea mfumo wa biti 32 miaka yote. Kwa hiyo katika likizo ya Desemba tulizipandisha kumi na moja, moja ikiwa imekufa diski mwaka uliotangulia na inangojea nyingine. Pentium zimebaki na mfumo wao, ambao utaendelea kuletewa marekebisho ya usalama hadi mwaka 2028, na huenda nyaya zao zikachoka kabla ya hapo.

Zile mbili zilizokufa mwanzo hazikutupwa. Moja tuliipasua, tukavipigilia vipande vyake juu ya ubao wa plaiwudi ukutani, na chini ya kila kipande pameandikwa jina lake na kazi yake: prosesa, feni, diski, betri ya saa. Mahali pa kumbukumbu pana tundu tupu, na wageni huuliza kwa nini. Chini yake mwanafunzi mmoja ameandika kwa chaki nyeupe kwamba kipande hicho kinafanya kazi, safu ya pili, mashine ya tatu kutoka dirishani.